Kalenda ya maua ya Kitulo: shajara ya mradi, Agosti hadi Aprili

Agosti, wiki ya mwisho

Watu wakijua kwamba naishi Mbeya, swali lao la kwanza ni hili: "Kitulo twende mwezi gani?" Jibu la haraka lipo na wengi wanalijua: Desemba hadi Aprili. Ni jibu la kweli, ila halimtoshi mtu aliyeomba ruhusa ya siku chache kazini Dar es Salaam, akakata tiketi ya basi, na anataka afike okidi zikiwa zimefunguka. Miezi mitano ni mirefu. Maua ya Desemba siyo ya Machi. Anayewahi huona vitu ambavyo anayechelewa hatavikuta, na anayechelewa naye ana vyake.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni hii. Natengeneza kalenda inayoonyesha, kwa kila nusu ya mwezi, maua gani yanatarajiwa, barabara inapitika vipi, na ukungu kwa kawaida unashuka wakati gani wa siku. Kisha nitapanga safari za msimu mzima kwa kuifuata, pamoja na kikundi chetu kidogo: mwalimu wa biolojia mstaafu, dada mmoja mpiga picha, dereva wetu ambaye amezaliwa Makete, na yeyote atakayejiunga njiani.

Kwa asiyepajua: Hifadhi ya Taifa Kitulo ipo kwenye uwanda wa juu katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, imegusa mikoa ya Njombe na Mbeya. Mwinuko ni mita 2,600 hivi, eneo ni kilometa za mraba zipatazo 413. Rais Benjamin Mkapa alitangaza mpango wa kuianzisha mwaka 2002, na mwaka 2005 ikawa hifadhi rasmi, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wanapaita Serengeti ya maua. Mimea iliyoorodheshwa ni takriban aina 350, na 45 kati ya hizo ni okidi zinazoota ardhini. Anayekuja kutafuta simba au tembo amekosea njia. Huku mtu anashuka kwenye gari, anapiga magoti kwenye nyasi, anatazama.

Septemba, katikati

Nimeanzia kwenye karatasi kabla ya kwenda milimani. Kila mmea uliowahi kukaushwa na kuhifadhiwa kwenye hebaria, iwe ile ya taifa kule Arusha, ya Afrika Mashariki kule Nairobi, au ya Kew, Uingereza, una lebo: jina, mahali, mwinuko, tarehe, na mara nyingi maneno mawili matatu ya aliyeuchuma, kama "maua meupe, harufu nzuri, nyasi zenye majimaji". Kumbukumbu nyingi za namna hii sasa zinapatikana bure kwenye GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe mtandaoni. Nimechukua zile za Kitulo na vilima vya jirani, nikatupa zisizo na tarehe kamili, nikabakiza zinazosema mmea ulikuwa na ua. Mwalimu ananisaidia kukagua majina, maana mengine yamebadilishwa na wataalamu tangu sampuli ilipochukuliwa.

Picha inayojitokeza inapendeza. Okidi nyingi za ardhini, jamii za Satyrium, Disa na Habenaria, zinajazana kati ya Januari na Machi. Mimea yenye vitunguu ardhini, kama jamaa za gladiola, wengine wanatangulia.

Hata hivyo mwalimu amenipa onyo ambalo nimeliandika kwa wino mwekundu juu ya jedwali: tarehe ya sampuli ni tarehe ya mtu kufika. Mkusanyaji wa miaka ya hamsini au ya sabini alikwenda gari lilipoweza kupanda. Nikiona Machi ina sampuli chache kuliko Februari, huenda maua yalipungua, huenda pia gari lilikwama. Kwa hiyo jedwali linaniambia wapi pa kuanzia. Uthibitisho utatoka kwa wanaoishi kule juu.

Oktoba, mwanzoni

Tumepanda na dereva kuuona uwanda ukiwa mkavu. Ninawashauri wote wanaopenda maua wafanye hivi angalau mara moja, waje kabla ya maua. Anga ilikuwa wazi, mlima Mtorwi unaonekana wote hadi kileleni, mita 2,961, na nyasi zilikuwa za rangi ya majani ya chai yaliyokauka. Sehemu kubwa kando ya njia ilikuwa imeungua. Mgeni angesikitika. Askari wa uhifadhi tuliyemkuta alituonyesha kwa kijiti jinsi mambo yalivyo.

"Afande, huu moto si umeua kila kitu?" dereva aliuliza.

"Umechoma blanketi tu. Mwenye nyumba yupo chini."

Alifukua taratibu pembeni ya njia, palipokuwa pamechimbuka tayari kwa mtaro, akatuonyesha kitunguu kimelala kwenye udongo mweusi, na juu yake ncha ya kijani, urefu wa ukucha, ikipenya jivu. Mvua haijanyesha hata tone. Mimea mingi ya nyanda za juu huishi hivyo: mwili wake halisi uko ardhini, kwenye viazi, vitunguu na mashina mazito, na kinachoonekana juu ni cha msimu tu. Moto wa kiangazi ukipita, mwanga unafika chini, na baadhi huchipua na hata kutoa ua kabla ya mvua. Moto unaokuja ukiwa umechelewa, machipukizi yameshatoka, ndio unaoharibu. Nimeongeza safu kwenye jedwali: eneo liliungua lini. Kwenye lebo za zamani hakuna mtu aliyeiandika habari hiyo, na nadhani itatusaidia kuelewa kwa nini bonde moja linachanua na la pili linasubiri.

Oktoba, mwishoni

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imetoa utabiri wa Msimu, yaani mvua za Novemba hadi Aprili kwa mikoa inayopata msimu mmoja, sisi tukiwemo. Utabiri huu unataja wiki ambazo mvua zinatarajiwa kuanza kwa kila ukanda, na kama zitakuwa za wastani, juu au chini yake. Wakulima wa viazi na pareto huku juu wanausikiliza kwa makini. Mpenda maua naye ausikilize hivyo hivyo.

Nimechukua pia takwimu za CHIRPS, makadirio ya mvua ya setilaiti yanayorudi nyuma hadi 1981, ili nione mvua imekuwa ikianza wiki gani mwaka hadi mwaka juu ya uwanda. Tofauti kati ya mwaka wa mapema na mwaka wa kuchelewa ni kubwa kiasi cha kuvuruga kabisa safari iliyopangwa kwa tarehe. Hapo ndipo nimebadilisha mfumo mzima wa kalenda. Haitahesabu kuanzia tarehe mosi Desemba. Itahesabu wiki tangu mvua ilipotulia, yaani ilipoanza kunyesha mfululizo bila kukatika kwa siku nyingi. Mtu atasoma "wiki ya kumi baada ya mvua" badala ya "Februari", na pembeni tutamwandikia wiki hiyo mwaka huu imeangukia wapi.

Wajapani wametufundisha jambo hapa. Idara yao ya Hali ya Hewa ina miti ya sakura ya kupimia, mmojawapo maarufu ukiwa kwenye hekalu la Yasukuni, Tokyo, na msimu hutangazwa rasmi pale maua matano au sita yanapofunguka kwenye mti huo. Mtu anakwenda, anahesabu, anatangaza. Mji mzima unapanga safari kwa maua hayo machache. Nimelipenda sana wazo hili kwa sababu halihitaji mtambo wowote, linahitaji mahali palepale na jicho lilelile.

Kwa hiyo nasi tutakuwa na vituo vya kuangalia. Tumechagua sehemu kando ya njia ambazo watu hupita kila siku kwa shughuli zao: kona moja upande wa Matamba, daraja dogo katikati ya uwanda, na ukingo wa nyasi upande wa Kikondo. Dereva ameongea na jamaa zake. Kijana wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mmoja mwenye gesti Matamba wamekubali kupiga picha ya sehemu ileile kila wiki na kuituma kwa WhatsApp. Tunawalipa vocha, na majina yao yataandikwa kwenye kalenda wakiridhia.

(Mbeya mjini mijakaranda imemwaga zambarau barabarani, na Mbozi mibuni inachanua baada ya manyunyu ya kwanza. Anayekaa huku hana haja ya kusubiri Desemba ili aone ua.)

Novemba, wiki ya tatu

Barabara. Hapa ndipo safari nyingi za maua zinapoharibikia, kwa sababu kinachotoa maua ndicho kinachotoa tope.

Njia ziko mbili kuu. Ya kwanza inatoka barabara kuu ya Dar es Salaam pale Chimala, mashariki ya Mbeya, inapanda ukuta wa mlima hadi Matamba yalipo makao ya hifadhi. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, idadi ya kona zake. Ukifika katikati ukageuka nyuma, unauona uwanda wa Usangu wote chini yako, mashamba ya mpunga yamegawanywa vipande vipande hadi upeo wa macho. Kutoka Matamba kuna mwendo wa saa moja au zaidi hadi kwenye uwanda wenyewe. Ya pili inaachana na barabara ya Tukuyu pale Isyonje, inapita mashamba ya viazi na pareto hadi Kikondo, kisha inaingia uwandani. Kutokea Mbeya mjini hii ya pili ndiyo yenye mandhari ya taratibu, lakini mvua ikikolea udongo wake unakuwa wa kuteleza.

Msimamo wa dereva, nami nakubaliana naye: mapema katika msimu pita njia yoyote. Kuanzia katikati ya Januari chukua gari la juu lenye fowili, panda kwa Chimala, na usipange kupanda na kushuka siku moja. Lala Matamba kwenye gesti, au kama una hema zito na blanketi za kutosha, piga kambi hifadhini. Usiku wa huku ni baridi hata wakati Dar wanalala na feni. Vifaa vya lazima: makoti ya mvua, viatu vya mpira virefu, soksi za akiba, kofia, na mafuta ya ngozi, maana jua la mwinuko huu linaunguza hata likiwa nyuma ya wingu.

Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu. Omba kontrol namba mapema ukiwa bado mjini kwenye mtandao wa uhakika.

Mvua imeanza tarehe za karibu sana na utabiri. Tunasubiri itulie.

Desemba, wiki ya pili

Picha kutoka daraja dogo zimebadilika ghafla. Wiki iliyopita nyasi fupi za kijani kibichi tupu. Wiki hii kuna madoa ya manjano na meupe kila upande. Tumepanda na kundi la kwanza, watu wa Mbeya na wawili waliotoka Iringa.

Kilichowasimamisha wote ni Kniphofia. Shina lake linatoka wima kwenye majani membamba, juu lina kichwa cha vimirija vilivyobanana. Vimirija hivyo hufunguka kuanzia chini: vya chini vimekwisha kufunguka na kugeuka manjano, vya juu bado vichanga, vyekundu vya chungwa. Kwa hiyo ukitazama kichwa kimoja unajua kiko wapi katika safari yake. Chungwa tupu, kina siku nyingi mbele. Manjano yakipita nusu, rudi wiki hii hii. Nimeweka kipimo hiki kwenye kalenda kwa sababu hata mtoto anaweza kukitumia, na mpiga picha wa kituo chetu anaweza kuniambia kwa maneno mawili: "nusu manjano". Ndege mmoja aitwaye chozi, kijani cha kumetameta na mkia mrefu, alikuwa akitoka kichwa kimoja kwenda kingine akinyonya, mdomo wake uliopinda unaingia kwenye kimrija bila kubakiza nafasi. Dada mpiga picha hakuondoka pale hadi wingu lilipofika.

Na wingu lilifika kama kawaida yake mchana. Asubuhi kweupe, maua mengi ya jamii ya daisi yamefunguka kulitazama jua. Baada ya saa sita ukungu unatambaa kutoka upande wa bonde, jua linakatika, daisi zinaanza kujifunga. Amri ya kalenda kwa hiyo ni moja kwa miezi yote ya mvua: uwe uwandani asubuhi na mapema. Anayetoka Mbeya saa nne hataona walichoona waliolala Matamba.

Januari, wiki ya kwanza na ya pili

Wiki hizi nimezitumia kwa jambo ambalo kalenda nyingi za utalii hulipita kimya, nami siwezi.

Tulikuwa tumeketi jikoni kwa mama mwenye gesti, moto unawaka, viazi vinachemka. Nikamuuliza kuhusu chikanda.

"Shikamoo mama. Naomba nikuulize, hawa wachimbaji bado wapo?"

"Marahaba mwanangu. Wapo, ila si kama zamani. Zamani malori yalikuwa yanakuja yanajaa magunia."

Habari yenyewe ni hii. Okidi hizi za ardhini zina viazi vidogo chini, na Zambia viazi hivyo hutengenezwa chakula kinachopendwa sana kiitwacho chikanda. Huoshwa, hukaushwa, husagwa, kisha unga wake hupikwa pamoja na karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na magadi hadi ugande, ukatwe vipande. Okidi za kwao zilipopungua, wanunuzi wakavuka mpaka. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi uliochapishwa 2003 ulionyesha biashara hii ikikua katika nyanda zetu za juu kusini, hadi mamilioni ya viazi kwa mwaka vikivushwa. Tishio hilo lilikuwa sehemu ya msukumo wa kuifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa.

Jinsi mmea unavyokufa inapaswa kueleweka. Okidi hizi kwa kawaida zina viazi viwili kwa wakati mmoja. Kimoja ni cha mwaka jana, kinasinyaa kwa kuwa kinalisha shina na ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa wanga, ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anachotaka ni hicho kipya. Akikichukua, ua unaloliona leo ndilo la mwisho. Na kuanzia mbegu ni kazi ndefu: mbegu ya okidi ni vumbi, haina chakula ndani yake, haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa aina inayopatana nayo udongoni. Miaka inapita kabla ya ua la kwanza.

Mama hakuwa na chuki na wachimbaji. Alisema wengi walikuwa vijana wa vijiji vya karibu waliotaka ada ya shule na bati la nyumba, na aliyefaidika hasa alikuwa mwenye lori. Naamini maneno yake. Ndiyo sababu tumeamua kwamba kila kundi letu litachukua mwongozaji wa Matamba, litalala Matamba, litakula Matamba, hata kama kuna njia ya bei nafuu zaidi ya kupitia juu kwa juu. Ua lililosimama liwe na faida kwa kijana anayeishi hatua chache kutoka lilipo.

Uamuzi wa pili umetusumbua zaidi, tumeujadili jioni nzima. Kalenda itaonyesha majuma na makundi ya mimea, lakini haitaonyesha majiranukta, yaani namba za mahali kwenye ramani, ya okidi hata moja. Mtandao wa iNaturalist, ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona, nao hufanya hivyo kwa viumbe vilivyo hatarini, huficha mahali halisi ndani ya eneo pana. Dada mpiga picha alipinga mwanzoni, akisema wageni watapoteza muda wakitafuta. Mwalimu akajibu kwamba mwongozaji anajua, na ndiyo kazi yake. Tumekubaliana: simu zote za kikundi zimezimwa kipengele cha kuandika mahali ndani ya picha, na picha za okidi hazitapostiwa zikiwa na mandhari ya nyuma inayotambulika.

Februari, wiki ya pili

Yule mwalimu wa shule ya msingi, wa kituo cha Kikondo, alituma picha Jumatatu na neno moja: "Njooni." Tulikuwa tumetenga wiki hii na ile inayofuata, wageni wameambiwa wakae mkao wa kusafiri, na wote waliweza. Kundi kubwa kuliko yote, wengine wametoka Dar kwa treni ya TAZARA hadi Mbeya. Njia hiyo naipenda kwa asiye na haraka, ila ratiba ya treni iachiwe siku ya ziada mbele na nyuma.

Sasa okidi. Mwongozaji alituweka mstari mmoja, mguu kwenye unyayo wa aliyetangulia, tukaingia kwenye nyasi zinazofika magotini. Wengi hupita bila kuona chochote kwa sababu wanatarajia okidi kubwa za kwenye vyungu vya maduka. Hizi ni shina moja, kiasi cha kiganja hadi mkono, limejazwa maua madogo. Alipiga goti kando ya Satyrium ya waridi, nasi tukapiga.

Kila ua kwenye shina lile lilikuwa dogo kuliko ukucha wangu wa kidole kidogo. Kwa okidi nyingi ule mdomo wa ua, petali iliyo tofauti na nyingine, huwa chini, mdudu anatua juu yake. Satyrium imeuweka juu, umejikunja kuwa kofia, na nyuma ya kofia zinashuka pembe mbili nyembamba, sambamba, zimejaa nekta. Mdudu mwenye ulimi mrefu hana budi kuingiza kichwa chini ya kofia ili azifikie, na hapo ndipo chavua inapomgandia. Mwalimu wetu wa biolojia alieleza haya kwa sauti ya chini akionyesha kwa ncha ya unyasi bila kuligusa ua. Hatua chache mbele kulikuwa na Disa, na tofauti ikaonekana wazi: pembe ni moja, tena inatoka kwenye jani la ua la juu. Mtu akishajua kuhesabu pembe, moja au mbili, tayari anatenganisha jamii mbili bila kitabu. Watoto wawili waliokuwa kwenye kundi walimaliza asubuhi wakihesabu pembe na kutusahihisha watu wazima.

Jioni, kabla ya mvua, Habenaria ya kijani na nyeupe ilianza kunukia. Mchana ilikuwa haina harufu yoyote. Nyingi za jamii hii huvuta nondo, kwa hiyo hujitengenezea manukato kwa saa zao. Nimeandika kwenye kalenda: kama unalala kambini, toka nje magharibi ikikaribia.

Tumeona pia Delphinium leroyi, maua meupe yenye harufu tamu, mengi kwenye mteremko mmoja uliokuwa umeungua mapema kiangazi. Bonde la jirani ambalo halikuungua lilikuwa na majani tu. Ile safu ya moto kwenye jedwali imeanza kulipa.

Kanuni zilizofanya kazi, nitaziacha kama zilivyo: mstari mmoja kwenye nyasi, hakuna kulala chini kupiga picha pasipo mwongozaji kukagua, hakuna kuchuma, hata lililoanguka, tripodi miguu yake iwekwe kwenye njia.

Machi

Ukungu tangu asubuhi, kwa siku mfululizo. Kikondo hapapitiki. Safari iliyopangwa nimeiahirisha kwa ushauri wa dereva na wa askari wa hifadhi, na wageni wamerudishiwa fedha zao zote isipokuwa zile tulizokuwa tumeshalipa gesti. Anayepanga safari ya maua awaambie watu wake jambo hili mapema na kwa maandishi.

Picha za vituo zimeendelea kuja, na zinaonyesha kwamba maua hayajapungua. Nyasi zimerefuka zikayafunika. Hili linajibu lile swali la Septemba kuhusu Machi kwenye lebo za zamani, angalau kwa vituo vyetu. Kijana wa bodaboda ametuma pia video ya mbayuwayu wa bluu wakipita chini kabisa juu ya nyasi. Ndege hawa huzaa kwenye nyanda kama hizi, viota vyao huviweka ndani ya mashimo ardhini, kisha huhamia maeneo ya Ziwa Victoria msimu ukiisha. Nimewapa nafasi yao pembeni ya kalenda.

Aprili, wiki ya tatu

Mvua inapungua. Daisi zile kavu zenye petali za karatasi, Helichrysum, zimetawala miteremko, na asubuhi zenye jua zimerudi. Kundi la mwisho, dogo, lilipanda kwa Hamsini na Saba bila shida, likapata mandhari mapana kuliko makundi yote yaliyotangulia. Kwa anayependa kutembea kwa miguu kuliko kuhesabu pembe za okidi, mimi ningemshauri wiki hizi.

Kalenda ya kwanza imekamilika: ukurasa mmoja, wiki tangu mvua kutulia upande wa kushoto, makundi ya mimea katikati, barabara na ukungu kulia. Haina ramani ya okidi. Nakala zimebandikwa kwenye gesti Matamba na nyingine zimekabidhiwa ofisi ya hifadhi. Mama wa gesti ameomba iandikwe kwa herufi kubwa zaidi, na toleo la pili litakuwa hivyo.

Yaliyobaki kwa msimu ujao: kituo cha kuangalia upande wa msitu wa Livingstone, kusini mwa hifadhi, ambako hatukufika; kurekodi moto kuanzia Julai kwa msaada wa askari wa hifadhi; na kumfundisha kijana mmoja zaidi wa Matamba majina ya mimea, mwalimu amejitolea. Tarehe za safari hazitatangazwa kabla ya utabiri wa Msimu kutoka mwishoni mwa Oktoba. Mwenye gari lenye fowili na nafasi za watu anipe taarifa mapema, na anayetaka wiki za okidi aombe ruhusa kazini kwa kipindi, Februari yote ikiwezekana, asubiri neno kutoka Kikondo.